Umefukuzwa kazi serikalini: uanzie Tume ya Utumishi, CMA au Mahakama Kuu?

Barua ya kufukuzwa kazi ikishatoka, mtumishi hujikuta na washauri wengi kwa wiki moja kuliko aliowahi kuwa nao maisha yake yote. Mmoja anamwambia aende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ni bure na hawachelewi. Mwingine anasema tafuta wakili, wapeleke mahakamani. Wa tatu, mara nyingi ni yule aliyewahi kupita njia hiyo mwenyewe, anamwambia akae chini aandike rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Dodoma.

Njia zote tatu zipo kweli. Ila kwa mtumishi wa umma wa Tanzania Bara, sheria imeshapanga ipi inatangulia, na ukianza na isiyo yako unaweza kuwa na hoja nzito kama mlima na usisikilizwe. Kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa macho ya mtu aliyeshika barua mkononi na anataka kujua kesho asubuhi aelekee wapi. Zanzibar ina sheria yake ya utumishi wa umma, Namba 2 ya 2011, kwa hiyo aliye huko asipime siku zake kwa haya ninayoyaandika.

Kwanza, wewe ni nani mbele ya sheria?

Swali hili watu hulipita haraka, na ndilo linaloamua kila kitu. Si kila anayelipwa na Serikali ni mtumishi wa umma kwa maana ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298. Sheria hiyo imewaacha nje wanaolipwa kwa saa au kwa siku, na walio kwenye mikataba ya muda maalumu. Imewaacha pia majaji na wengine wenye madaraka ya kimahakama, pamoja na askari polisi na magereza, ambao wana taratibu zao.

Kwa hiyo dereva wa halmashauri aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu na mwenzake wa mkataba wa mwaka mmoja wanaweza kuendesha magari yanayolala uwanja mmoja, wakafukuzwa siku moja kwa kosa moja, na bado wakapaswa kwenda sehemu mbili tofauti. Wa kudumu anaanza na rufaa ndani ya utumishi wa umma. Wa mkataba anakwenda CMA moja kwa moja. Toa barua yako ya ajira kwenye faili uisome upya kabla hujamsikiliza mtu yeyote.

Walimu wa shule za msingi na sekondari za Serikali nao wana chombo chao, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya 2015. Shauri la nidhamu la mwalimu huanzia ngazi ya wilaya, rufaa ikaenda Tume hiyo makao makuu, na asiporidhika anakwenda kwa Rais. Ngazi zinafanana na za watumishi wengine, ofisi ndizo tofauti.

Hii ndiyo picha kwa ufupi, kabla hatujaingia ndani:

| | Tume ya Utumishi wa Umma | CMA | Mahakama Kuu (mapitio) |
|---|---|---|---|
| Ni ya nani hasa | Mtumishi wa umma wa kudumu | Wa mkataba, kibarua, sekta binafsi | Aliyemaliza ngazi za rufaa |
| Muda | Siku 45 tangu kupokea uamuzi | Siku 30 tangu kuachishwa | Kibali kiombwe ndani ya miezi 6 |
| Inaangalia nini | Kosa, utaratibu na adhabu | Sababu na utaratibu, kwa ushahidi wa mashahidi | Uhalali wa uamuzi ulivyofikiwa |
| Gharama | Hakuna ada | Hakuna ada | Ada za mahakama, na wakili kwa vitendo |

Kwa nini bado watu wanaambiana waende CMA

Ushauri huo haukuzuka hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawahusu waajiriwa wa umma na wa binafsi, na kwa miaka mingi watumishi wa umma walikuwa wakipeleka migogoro yao kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndiyo hiyo CMA, na wakasikilizwa. Wapo walioshinda, wakalipwa, na ndio hao wanaowashauri wenzao leo.

Mambo yalibadilika mwaka 2016. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliingiza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, na kifungu hicho kinamtaka mtumishi amalize kwanza nafuu zote, yaani njia za kudai haki, zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi. Wengi hawakukisikia. Hata baadhi ya waajiri hawakukitumia, wakaenda CMA wakajibu hoja kama kawaida.

Kilichowazindua watu ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Machi 2022, katika shauri la Shirika la Posta lililosikilizwa Mtwara. Shauri lilikuwa limeshapita CMA na Mahakama Kuu, mwajiri ndiye aliyekata rufaa. Mahakama ya Rufani ikasema mfanyakazi yule ni mtumishi wa umma, kwa hiyo CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wake tangu mwanzo, na yote yaliyofanyika huko chini yakafutwa. Hebu fikiria uzito wake kwa mtu aliyekaa miaka akihudhuria tarehe moja baada ya nyingine. Suala la mamlaka haliponi kwa sababu pande zote zilikaa kimya, linaweza kuibuliwa hata ngazi ya mwisho kabisa. Na shirika la umma limo, si wizara na halmashauri peke yake.

Hii inasikitisha kwa upande mmoja, kwa sababu CMA ina kitu ambacho Tume ya Utumishi haina kwa kiwango kile kile: usikilizaji wa ana kwa ana. Pale kuna usuluhishi kwanza, unaotakiwa kukamilika ndani ya siku 30, na ukishindikana linakuja suala la uamuzi, ambapo mashahidi wa mwajiri wanakaa mbele yako na unawauliza maswali. Mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa halali ni wa mwajiri. Mwamuzi anaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia, na asiyeridhika anaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Kwa mtu wa mkataba ambaye njia hii ni yake, naiona ni nzuri, ila siku zake 30 ni chache sana na haziongezeki bila maombi rasmi yenye sababu.

Tume ya Utumishi wa Umma, na namna rufaa inavyoshinda au kuanguka

Kifungu cha 25 cha sheria kinampa mtumishi haki ya kukata rufaa kwa Tume pale mamlaka yake ya nidhamu inapomfukuza kazi, kumshusha cheo au kumpunguzia mshahara. Mamlaka ya nidhamu ni Katibu Mkuu kwa watumishi wa wizara, Katibu Tawala kwa watumishi wa sekretarieti ya mkoa, Mkurugenzi kwa watumishi wa halmashauri. Walioteuliwa na Rais wana mstari wao: adhabu yao ikitolewa na Katibu Mkuu Kiongozi, rufaa inakwenda kwa Rais.

Siku 45 zinahesabiwa tangu ulipopokea barua ya uamuzi. Chukua muuguzi wa kituo cha afya aliyeandikiwa barua tarehe 3 Machi, ikamfikia tarehe 20 Machi kwa sababu ilikaa masijala. Siku yake ya kwanza ni tarehe 21, kesho yake baada ya kuipokea, na ya mwisho ni tarehe 4 Mei. Lakini ataithibitishaje hiyo tarehe 20? Ndiyo maana unaposaini kitabu cha kupokelea barua, andika tarehe kwa mkono wako mwenyewe, kisha piga picha ukurasa huo kama unaruhusiwa, au andika kwenye nakala yako "nimepokea leo" na tarehe, na mhudumu wa masijala asaini. Barua ikija kwa posta, bahasha yenye muhuri usiitupe. Na rufaa yenyewe ukiipeleka, rudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ya Tume na ya mwajiri wako vilevile, kwa sababu mamlaka ya nidhamu lazima ipate nakala ili nayo ipeleke Tume majibu na vielelezo vyake.

Tume huamua zaidi kwa nyaraka. Inaweza kumwita mrufani na wawakilishi wa mwajiri, lakini usiiandike rufaa yako kwa kutegemea kwamba utapata nafasi ya kujieleza kwa mdomo. Karatasi zako ndizo zitakazokusemea. Ambatisha hati ya mashtaka, utetezi wako wa maandishi, taarifa ya kamati ya uchunguzi kama umeipata, na barua ya adhabu. Kama mwajiri amekunyima taarifa ya kamati, iombe kwa barua na nakala ya barua hiyo uiambatishe, kwa kuwa kunyimwa ni hoja.

Rudi kwa muuguzi wetu. Ameshtakiwa kwa utoro kazini. Hati ya mashtaka inasema "umekuwa mtoro kwa muda mrefu" na haitaji siku hata moja. Atajiteteaje kwa siku asizoambiwa? Kamati ya uchunguzi iliketi bila yeye kuitwa, na waliohojiwa hakupewa nafasi ya kuwauliza chochote. Barua ya kumfukuza imesainiwa na mganga mfawidhi wa kituo, ambaye si mamlaka yake ya nidhamu. Hapo kuna sababu tatu za rufaa, kila moja inajitosheleza, na zote zinaegemea kwenye Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Muuguzi akiishia kwenye sababu hizo tatu, Tume inaweza kukubali rufaa yake na wakati huohuo kuelekeza mamlaka ya nidhamu ianze mchakato upya kwa kufuata utaratibu. Anafurahi, anarudi, na baada ya muda anaandikiwa hati nyingine ya mashtaka, safari hii yenye tarehe zote, kamati iliyokaa vizuri na saini ya Mkurugenzi. Amepata muda na mshahara wa kipindi hicho, jambo ambalo si dogo, lakini hajamaliza. Kwa hiyo andika pande zote mbili. Eleza utaratibu ulivyovunjwa, halafu ueleze pia kwamba kosa lenyewe hukulifanya: ruhusa ya ugonjwa hii hapa, daftari la mahudhurio hili hapa, zamu ilibadilishwa na fulani tarehe fulani. Na kama kosa lipo kwa kiasi fulani, omba Tume ilinganishe uzito wa adhabu na uzito wa kosa, kwa sababu ina uwezo wa kuthibitisha adhabu, kuibadilisha au kuifuta. Watu wengi wanaona aibu kuandika hoja ya adhabu, wanadhani ni kukiri. Si kukiri ukiiweka mwisho, kama ombi mbadala.

Usiporidhika na uamuzi wa Tume, rufaa inakwenda kwa Rais. Mwajiri naye ana haki hiyohiyo, jambo linalowashtua wanaorudi kazini na barua ya ushindi mkononi. Uamuzi wa Rais ndio wa mwisho katika ngazi za rufaa.

Kuna hasara moja ya njia hii ambayo sitaificha. Kukata rufaa hakusimamishi adhabu. Umefukuzwa, mshahara umekatika, na unasubiri ukiwa nyumbani na ada za watoto zikidaiwa. Ukishinda unarejeshwa kazini, lakini kati ya hapo na siku hiyo unaishi kwa namna unayoijua wewe. Natamani mashauri haya yangewekewa ukomo mkali wa muda kwa upande wa waajiri wanaochelewesha vielelezo, maana mrufani akichelewa anafungiwa mlango.

Mahakama Kuu

Kwa mtumishi wa umma, Mahakama Kuu inakuja mwishoni, kwa njia ya mapitio. Uamuzi kuitwa wa mwisho hakuizuii mahakama kuangalia kama ulifikiwa kihalali: aliyeamua alikuwa na mamlaka, alimsikiliza mhusika, alizingatia yaliyopaswa kuzingatiwa. Unaanza kwa kuomba kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na ukikipata unawasilisha maombi yenyewe ndani ya siku 14. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe.

Tofauti yake na Tume ni kubwa, na wengi wanaielewa wakiwa wameshalipa wakili. Jaji hapimi upya kama ulikuwa mtoro au la. Hawaiti tena mashahidi. Akiona utaratibu au sheria ilivunjwa anaufuta uamuzi, pengine anaamuru mamlaka itimize wajibu wake, na shauri linaweza kurudi ngazi ya chini. Anayetaka ushahidi uchambuliwe upya alipaswa kupambana Tume. Na anayekimbilia huku bila kupita Tume na kwa Rais ataulizwa swali moja tu, kwa nini hakutumia njia alizopewa na sheria, na mara nyingi hapo ndipo shauri linapokwama.

Wapo wanaoona kwamba mtu akishamaliza ngazi zote za rufaa, maneno ya kifungu cha 32A yanamruhusu sasa aende CMA. Nauelewa usomaji huo, lakini kwa mtu anayeniuliza ningemwambia mapitio ndiyo njia salama zaidi baada ya uamuzi wa Rais, kwa sababu ni vigumu kumwomba mwamuzi wa CMA ageuze uamuzi ambao sheria imeuita wa mwisho.

Haki za binadamu, vyama, na barua ambazo hazipo

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya utawala mbovu na inaweza kuchunguza, kisha ikapendekeza. Haifuti adhabu yako, na malalamiko huko hayasimamishi siku 45. Itumie pembeni ya rufaa, kamwe isiwe badala yake.

Chama chako cha wafanyakazi ndicho ningekipigia simu siku ya kwanza, iwe TUGHE, TALGWU, CWT au kingine. Umekuwa ukikatwa ada kila mwezi. Katibu wa mkoa ameshaona hati za mashtaka nyingi na atatambua kasoro kwa kuiangalia tu yako, hasa kama utamfuata mapema, wakati bado unaandika utetezi.

Kuna hali nyingine mbili zinazochanganya watu. Kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi bado si adhabu, kwa hiyo rufaa ya kufukuzwa haijazaliwa. Tumia kipindi hicho kukusanya nyaraka. Na yule aliyetumbuliwa jukwaani mbele ya wananchi na kiongozi wa siasa hana bado uamuzi wa kukatia rufaa, kwa kuwa mkuu wa wilaya au wa mkoa si mamlaka ya nidhamu ya muuguzi au mhasibu wa halmashauri. Usiache kwenda kazini kwa sababu ya maneno ya mkutanoni, maana kesho utaandikiwa utoro, na utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi kweli. Ripoti kwa Mkurugenzi, uliza kwa barua hali yako ya ajira ni ipi, na utunze nakala.

Kama tayari umefungua shauri CMA

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na linahitaji uamuzi wa haraka. Kama wewe ni mtumishi wa umma wa kudumu na shauri lako liko CMA, usisubiri mwajiri aweke pingamizi, wala usifarijike kwamba hajaweka. Omba kuliondoa, upate amri ya kuondolewa yenye tarehe, kisha peleka Tume ya Utumishi ombi la kukubaliwa kukata rufaa nje ya muda pamoja na rufaa yenyewe. Katika ombi hilo eleza kila kipindi: lini ulipokea barua ya adhabu, lini ulifungua shauri CMA, liliahirishwa mara ngapi, lini liliondolewa, na siku zilizopita kati ya kuondolewa na kuwasilisha ombi zilikwenda wapi. Ambatisha fomu ya CMA yenye muhuri, kwa kuwa inaonyesha hukulala, ulikuwa unadai haki yako mahali pasipo pake. Kukubaliwa si lazima, Tume ndiyo itakayopima. Lakini siku chache baada ya kuliondoa ni rahisi kuzieleza kuliko miezi, kwa hiyo andaa rufaa kabla ya siku ya kwenda kuliondoa shauri, na ukitoka huko iende moja kwa moja kwa Katibu wa Tume.